Kifungo cha Shati Msituni

Miaka ya sabini tulipanga chumba Kibera, katika nyumba ya mama mmoja Mnubi. Mwanawe alikuwa rika langu. Nilimwonea wivu kwa vitu vidogo kwanza: kitanda chake mwenyewe, na chai aliyomiminiwa kabla hajaomba. Halafu akaanza kukimbia.

Mbio zilikuwa zangu. Kila asubuhi nilikwenda hadi Kawangware na kurudi. Siku moja alinifuata kwa mzaha, pekupeku, na tulipofika Riruta yeye alikuwa anapiga soga, mimi ninahema.

Mashindano yalianzia Kawangware, yakashuka Riruta, yakavuka barabara ya Ngong, yakazunguka msitu mara mbili na kuishia kwenye uwanja wa Kibera. Kiwanda kimoja kilitaka mkimbiaji wa timu yake. Mshindi angepata kazi hapo. Mwenzangu alikuwa na nyumba za kurithi. Mimi nilikuwa nimemaliza shule miaka miwili iliyotangulia, na baba aliniuliza kila jioni neno moja tu: "Umepata?"

Ili watu wasikate njia, waamuzi waligawa vifungo vya shati njiani, na asiyefika na vyote vitatu hakuhesabiwa: chekundu mzunguko wa kwanza, cheupe wa pili, cha bluu karibu na reli. Kaptula zetu hazikuwa na mifuko, na kiganja chenye jasho huteleza, kwa hiyo sote tuliviweka mdomoni, kati ya shavu na ufizi. Aliyeweka kifungo hasemi. Kila mkimbiaji alilijua hilo.

Karibu wote walikimbia pekupeku. Mimi nilivaa raba za kuazima, na mwamuzi mmoja akaniuliza kama nilikuwa nakwenda harusini.

Mzunguko wa pili, mwanawe mama mwenye nyumba alikuwa hatua kumi mbele yangu. Nyuma hapakuonekana mtu. Alisikia pumzi zangu, akageuka.

"We mpangaji, kaza bwana! Usiniachie msitu peke yangu!"

Kifungo chekundu kilimruka mdomoni, kikaangukia tope kando ya njia. Hakuhisi kitu. Ningeweza kumwita. Badala yake nilitoka kwenye njia, nikakikanyaga, nikarudi njiani.

Alifika wa kwanza, akiwa ametuacha mbali sana. Mama yake alipiga vigelegele. Mwamuzi akamwambia, "Haya, tema."

Alitema viwili.

"Na chekundu?"

Alijipekua mdomo kwa kidole huku akicheka, kisha akaacha kucheka. Nilipofika, nilitema vitatu. Jina langu likaandikwa. Baba alinipa mkono kama mtu mzima mwenzake. Lakini umati ulikuwa umembeba yule mwingine mabegani, na nilisimama na kazi yangu nikitamani mabega yale.

Kesho yake alinigongea mlango.

"Twende tukakitafute, mpangaji. Sitaki kesi. Nataka tu kujua kilinitoka wapi."

Nilikwenda, kwa kuwa kukataa kungeonekana. Nilitafuta upande usiofaa, kwa bidii. Yeye aliinama mahali penyewe. Tope lilikuwa limekauka. Alama ya raba ilikuwa pale, moja tu, nje ya njia, na kifungo katikati yake. Akaitazama. Akatazama miguu yangu. Nilikuwa bado na raba zile; sikuwa na viatu vingine vya kuvaa.

Alikibandua kwa ukucha, akakifuta kwenye shati. Tulirudi, yeye mbele, akiwasalimu watu wote kama kawaida yake.

Mama yake alikuwa uani. "Mmekipata?"

"Hapana, Mama. Msitu umekila." Mkono wake ulikuwa umefumbwa.

Mama akamimina chai vikombe viwili. Yeye akanisogezea changu bila kuniangalia, na nikauonea wivu hata uongo ule, jinsi ulivyomtoka kwa urahisi na kwa ajili ya mtu mwingine.