Nimeosha Bakuli Mbele ya Bwana Afya, na Radhi Siombi

Bwana Mhariri, naomba ukurasa wako ulifiche jina langu, ingawa mkubwa wangu akisomewa barua hii atanitambua. Nina umri wa miaka ishirini na minne, ni Mkristo kutoka Kilimanjaro, nina shahada, na ninaishi mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Kazi yangu ni kumsaidia na kumfasiria Bwana Afya, Mzungu anayekagua usafi wa mikahawa ya Kariakoo. Nimo katika majaribio, nikitarajia kuthibitishwa.

Bwana huyu ana mbwa. Katika hoteli ya Wazungu huko mjini, mbwa huingia naye na kulala chini ya meza, nami husubiri barazani na mkoba wake, kwa kuwa mlango ule haumruhusu Mwafrika. Nilivumilia.

Juma lililopita tulikwenda kukagua mkahawa wa Mama Mwanaidi, mjane wa Kilwa ninayekula kwake kila siku. Alitupokea mlangoni.

"Karibu, Bwana Afya. Mbwa abaki nje, hapa watu wanakula."

Nikafasiri. Bwana akajibu kwamba mbwa wake ni msafi kuliko wateja wote waliomo. Hilo sikulifasiri.

"Mbona umenyamaza, mwanangu? Kasema nini?"

"Anasema mbwa ameoga, mama."

Mpagazi mmoja akacheka. "Basi ampeleke kwao akale mezani. Sisi tumemzuia nini?"

Bwana akaingia naye. Kabla hajafungua mkoba, mbwa alikwisha kutia mdomo katika bakuli la mchuzi. Wateja, karibu wote Waislamu, wakasukuma sahani zao na kusimama. Mama Mwanaidi hakupiga kelele. Aliumwaga mchuzi wote, akasimama akilitazama bakuli.

Kwetu mbwa hulala karibu na jiko, nami sikulelewa kumwona najisi. Nikashika sabuni, nikidhani inatosha.

"Haitoshi, mwanangu. Mara saba, na mojawapo kwa udongo."

Nikavua koti, nikachuchumaa uani na tai yangu shingoni, nikaanza kwa udongo. Kila nilipolisuuza nilihesabu kwa sauti, tena kwa Kiingereza, ili Bwana asihitaji mkalimani. Nilipofika saba uso wake ulikuwa mwekundu. Wateja wakarudi kuketi.

Sasa ameniamuru nimwombe radhi Jumatatu mbele ya makarani wote, kwa kumdhalilisha. Nikikataa, sithibitishwi. Baba yangu, mwalimu wa dini, amesafiri kutoka Moshi kuja kunisihi.

"Mbwa tu, mwanangu. Sema neno moja, wadogo zako waendelee na shule."

"Shikamoo yangu unayo, baba. Neno hilo sina."

Amekaa chumbani kwangu, hali chakula cha Mama Mwanaidi, akisema ndicho kilichoniponza.

Wasomaji, msinishauri kuomba radhi. Shauri hilo nimekwisha kulikata. Ikiwa afisa wa usafi anaruhusiwa kuingiza mbwa tunapokula, nami nina ruhusa ya kuosha alipolamba. Jumatatu nitaingia ofisini nimevaa tai ileile. Ninalolemewa nalo ni mzee huyu aliyeuza ng'ombe wake ili nisome, anayenitazama sasa kana kwamba nimemtukana yeye. Nishaurini: nimwambie baba nini hata akubali kukaa nami mezani kwa Mama Mwanaidi?