Mashine Iliyoonjwa Sauti

Juzi mteja aliniletea pampu ya kumwagilia bustani. Nilipofungua kifuniko, ikanipiga puani harufu ya mpira ulioungua. Haifanani na ya tairi linalochomwa barabarani. Hii ni nyembamba, ina utamu kidogo, kama maziwa yaliyoshika chini ya sufuria, halafu inakwaruza koo. Niliiweka pampu chini, nikatoka nje kwanza. Sitawaficha: haikuwa huzuni. Nina hasira ya tangu darasa la sita, na mpaka leo haijachuja.

Baba alikuwa fundi wa mashine za kusaga hapa Sumbawanga. Alikuwa amepunguzwa kazi kwenye karakana ya umma, miaka ile ya ruksa, maduka yalipojaa ghafla vitu tulivyokuwa tukivisikia redioni tu, na kila mtaa ukataka mashine yake ya unga. Akafungua karakana uani kwetu: bati nne, benchi moja. Mimi ndiye niliyempa spana. Nilizijua kwa kuzipapasa. Nilizipanga kwa ukubwa kila jioni, na ikikosekana moja sikula mpaka niipate. Siku moja akanivika shingoni ufunguo wa sanduku la spana, akasema, "Mama, kuanzia leo stoo ni wewe." Aliniita mama kwa kuwa nilirithi jina la mama yake. Sijapewa kitu kikubwa kuliko ule ufunguo.

Likizo ya mwezi wa saba, upepo wa baridi ukipasua midomo, mjomba wangu, kaka yake mama, alipanda kutoka Kipili, kule ziwani, juu ya lori la dagaa. Alikuwa amekumbatia mashine ya boti iliyofungwa blanketi, utadhani analeta mgonjwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Huyu mwenzangu hakojoi, siku ya tatu leo."

Alinieleza huku akicheka. Mashine ya boti hunywa maji ya ziwa ili ipoe, kisha huyatema nyuma kwa mchirizi mwembamba. Mchirizi ukikatika, mashine inaelekea kufa. Ndani ya mguu wake, ule unaozama majini, kuna kitu kama ua la mpira lenye majani sita, wanakiita impela. Hicho ndicho kinachovuta maji. Cha kwake kilikuwa kimekatika majani. Kipya alikuwa amekitafuta mpaka Tunduma, na dukani kilikuwepo hicho kimoja tu.

Baba hakuwahi kufungua mashine ya boti maishani mwake. Hakusema. Alifungua boliti za mguu, akauteremsha, akaniambia nipachike impela mimi, kwa kuwa vidole vyangu ni vyembamba. Nilifurahi hadi nikaogopa. Mjomba alikuwa na kijitabu cha Kiingereza kilicholowa mafuta. Nikakaa nacho siku mbili na kamusi ya shule, neno kwa neno. Nilipaka grisi, nikaweka kii, kile kichuma kinachoishikiza impela, kwenye shafti, nikashusha kikombe cha pampu taratibu huku nikizungusha shafti kufuata mshale wa saa, ili majani yote yalalie upande mmoja. Nikatoa. Nikarudia. Nilirudia mara tano, maana mara zote nne za mwanzo nilihisi kuna kitu nimekosea.

Kwenye kijitabu kulikuwa na sentensi moja iliyowekewa kisanduku. Nilipoifasiri ilisema mashine isiwashwe kamwe ikiwa kavu, hata kwa kuijaribu tu. Kwa hiyo nikajaza pipa. Ndoo kumi na nne, kutoka bomba la jirani.

Sasa, pale uani kulikuwa na desturi. Hakuna mteja aliyechukua injini yake bila kusikilizishwa. Baba aliiwasha hapo hapo chini, kabla ya maji na mkanda, ikanguruma, mwenye mali akakunja mikono na kutikisa kichwa. Aliita kuonja sauti. Injini ya kusagia huvumilia hilo kwa dakika chache. Watu walikuja kusikiliza hata kama injini si yao. Siku ile walikuwepo watano, na walikuwa hawajawahi kusikia mashine ya boti.

Baba akaifunga mashine kwenye gogo, akashika kamba ya kuwashia.

"Baba, pipa liko tayari," nikasema.

"Ngoja wenyewe waonje kwanza."

"Kitabu kinasema isiwashwe kavu."

Mzee mmoja aliyepitia pale na gunia lake la ulezi akacheka mpaka akakohoa. "Fundi, kumbe hapa bosi ni huyu? Tumsalimie yeye kwanza!"

Wakacheka wote. Baba hakucheka. Akavuta kamba.

Ilinguruma vizuri, nakiri. Aliiongeza moto, akaipunguza, akaiongeza tena. Wazee wakatikisa vichwa. Mimi nilikuwa nalitazama lile tundu la maji, limekauka. Ndipo ikaja ile harufu.

Walipoiingiza kwenye pipa haikukojoa. Baba akafungua mguu. Ua langu la mpira lilikuwa limeyeyuka na kung'ang'ania kikombe kama ubani uliotafunwa.

Mjomba akauliza polepole, "Shemeji, imekuwaje?"

Baba alinitazama. Kisha akawatazama wale watu. "Nilimwachia mtoto apachike. Kageuza majani."

Akanyoosha mkono. Nikavua ufunguo shingoni, nikampa.

Mjomba akateremka Kipili na mashine bubu, akavua kwa kasia hadi mvua zikaanza. Kwenye harusi na misiba likawa neno la ukoo: "Usimpe huyo sufuria, ataigeuza!" Nilicheka nao. Jambo linalonichoma ni hili: niliamini. Nilijua kabisa kisanduku kile kilisema nini, na bado niliamini kwamba ile mara ya tano niligeuza. Tangu hapo nafunga mlango, narudi kuujaribu, naondoka, narudi tena.

Nilijifunza pampu mwenyewe, kwa kufungua zilizotupwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipopachika impela kinyume kwa makusudi, ndani ya maji, nione. Majani yalijipindua yenyewe kwenye mizunguko ya kwanza, maji yakatoka. Mpira uliogeuzwa hauyeyuki. Unayeyushwa na ukavu tu. Nilikaa sakafuni nikaelewa kwamba mtu aliyeshika injini miaka ishirini alijua hivyo tangu harufu ya kwanza.

Nilimwendea. Nilimweleza yote, jani kwa jani. Baba alisikiliza, akasema, "Ulikuwa mtoto, mama. Aibu ya mtoto hukauka upesi. Mimi nilikuwa na watoto watano na karakana ya mwaka mmoja."

Najua alikuwa ameshapoteza kazi moja. Najua wale wazee wangehamia kwa fundi mwingine. Naelewa, na kuelewa hakujanipoza. Mzigo ule ulimlemea mtu mzima, akautua shingoni kwa mtoto, mahali pale pale nilipovua ufunguo.

Nilipomaliza kufunga impela mpya, mwenye pampu ya juzi alisimama mlangoni, ana haraka. "Dada, iwashe kidogo tu niisikie."

Nikachukua ndoo, nikaenda bombani.