Jiwe la Mashine Halilowekwi

Mimi kusoma sikusoma sana. Nilikaa darasani mpaka nikajua kuandika jina langu na kupiga hesabu, baba akasema inatosha, akanipeleka kwa fundi wa vyuma. Hivi ninavyoandika ndivyo ninavyosema, na atakayeona nimekosea asahihishe kimoyomoyo. Nyumba hii ya Ilford, hapa London, nimeinunua kwa mikono yangu, na mikono yenyewe ninayo yote miwili, vidole vyote vimo. Kwa mtu aliyesimama mbele ya grinda umri wake wote, hilo si jambo dogo, na sioni haya kujisifu.

Nyuma ya nyumba nina banda la mbao. Ndani mna meza nzito, jiliwa la kubania vyuma, drili ya umeme, na grinda ya mezani: mota katikati, jiwe la kukwaruza upande huu, jiwe laini upande ule. Majirani huniletea visu, mikasi, makasi makubwa ya kukatia majani ya bustani, sijui wenyewe wanayaitaje. Tangu nilipostaafu, banda hilo ndilo linalonitoa kitandani. Bila hilo mimi ni mzee wa kwenye kochi, anayeulizwa kama anataka chai.

Binti yangu alitaka grinda iondoke. Yeye ni nesi, wodi ya wagonjwa wa kifua, lakini kazi alianzia chumba cha dharura, na huko aliona mikono ya watu ilivyofanywa na mashine. Kila akija kututazama anapita bandani kwanza, anasimama mlangoni na koti lake, anaangalia. Mimi humsemesha Kiswahili, yeye hunijibu Kiingereza, na tunaelewana vizuri tu, hata tukigombana.

"Baba, umri wako na mashine hiyo havikai pamoja," aliniambia.

"Umri wangu ndio uliokulipia shule."

"Likitokea jambo moja tu, hata dogo, naiuza."

"Utaiuza ya nani?"

"Yako."

Nikamwambia haya, likitokea jambo, uza. Nilisema kwa kiburi, maana najua ninavyofanya kazi. Sivai glovu kwenye grinda, hata baridi iwe ya kukata masikio, kwa sababu jiwe likishika glovu linavuta na mkono uliomo. Nikitoka msikitini sigusi swichi mpaka nimevua kanzu, maana mkono wa kanzu ni kamba. Miwani ya kujikinga iko msumarini, karibu na swichi, huwezi kuwasha bila kuiona. Kile kibao cha kuegemezea chuma nakisogeza mpaka kikaribie kugusa jiwe, lisije likameza kitu kati yake. Na nikiwasha nasimama pembeni, si mbele, naliacha jiwe lizunguke kidogo peke yake. Kama lina ubaya wa kuonyesha, lionyeshe wakati mimi sipo.

Haya nilifunzwa Southall, kwa Singasinga mmoja aliyezaliwa Kisumu, ndiye aliyenipa kazi yangu ya kwanza nilipofika nchi hii. Alinichukua kwa sababu alisikia ninazungumza Kiswahili na alikuwa na hamu ya mtu wa kumgombeza kwa lugha hiyo. Kabla ya kufunga jiwe jipya, alikuwa analining'iniza kwenye kidole kwa tundu lake la katikati, analigonga na mpini wa bisibisi, wa mbao. Jiwe zima linalia, *ting*, kama kengele ndogo. Lenye ufa linasema *tup*, basi. "Kama nalia, funga," alikuwa akisema. "Kama iko kimya, vunja, tupa." Sijafunga jiwe bila kuligonga tangu siku hizo.

Sasa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuja kutoka Unguja kwa ajili ya harusi ya familia. Huyu ni mpishi wa harusi, kazi yake tangu kijana, na visu vyake alikuja navyo ndani ya sanduku, vimefungwa kwenye kanga kama watoto wachanga. Vya jikoni kwetu alivishika kimoja kimoja akavirudisha.

"Nyie huku mnakata nyama au mnaikandamiza?" aliniuliza.

Visu vyake vilikuwa vizuri lakini vimechoka. Harusi ilikuwa Jumapili. Jumamosi asubuhi nilikuwa naondoka kwenda Southall kuazima sufuria kubwa ya pilau kwa mtu ninayejuana naye, na nikiwa naingiza miguu kwenye viatu nikamwambia: "Shemeji, jiwe jipya liko bandani juu ya meza. Liandae, nikirudi nitakunolea."

Nilichokusudia ni alitoe kwenye boksi, alipanguse vumbi. Hivyo tu. Nikaenda zangu.

Kurudi na sufuria ile kwenye treni ni habari nyingine. Mtoto mmoja wa Kizungu alimuuliza mama yake kama mimi napika watu. Binti yangu alinipokea kituoni na gari, tukaja nyumbani pamoja, na kwa kuwa yupo, nikasema ngoja nimwonyeshe kazi inavyofanywa kwa utaratibu. Nikavua koti, nikakunja mikono ya shati, nikachomoa waya ukutani kwanza, si kuzima swichi tu, nikafungua kifuniko cha pembeni na kutoa jiwe kuukuu lililokwisha kuliwa. Nikachukua jipya. Likanijia zito kidogo mkononi, lakini sikulitilia maanani. Nikaliweka kidoleni, nikaligonga kwa mpini wa bisibisi.

*Tup.*

Nikaligonga upande mwingine. *Tup.* Likawa kama nagonga mkate.

"Wameniuzia jiwe la ufa," nikasema, na hapo nikaanza kumsema vibaya mwenye duka. Nilimsema mpaka shemeji yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na visu vyake kifuani, akaona haya.

"Ufa wa wapi, shemeji? Mie nimelishika mwenyewe, halina ufa. Nimeliloweka toka ulipotoka, nikalifuta, nikaliegemeza kwenye redieta ya joto ukutani lisije likakutia baridi ya mikono."

"Umeliloweka?"

"Kwenye ndoo. Nusu, maana ndoo yenyewe ndogo. Si ulisema niliandae?"

"Nilisema uliandae. Sikusema uliogeshe."

"Kinoo bila ya maji kinaunguza kisu. Hilo mie nimezaliwa nalijua."

"Hiki si kinoo."

"Umesema jiwe."

Ni kweli nilisema jiwe. Ndivyo tunavyoliita, sina jina jingine, na hata Singasinga hakuwa nalo. Na yeye, mtu wa visu, akisikia jiwe la kunolea anajua moja tu, kinoo, na kinoo kabla ya kazi kinanyweshwa maji. Tena alikuwa ameona lile kopo la maji ninaloliweka kando ya grinda. Lile ni la chuma, kuchovya chuma kikipata moto, lakini nani alimwambia? Kwa akili yake alifanya heshima yote inayostahili.

Lakini jiwe la mashine si jiwe la mlimani. Ni chenga zilizoshikanishwa zikachomwa, lina vitundu kama sponji, na linakunywa. Ukililoweka nusu, nusu moja inakuwa nzito. Uso ukikauka unaliona zima, kumbe maji yamo tumboni. Ukilifunga ukawasha, linazunguka kwa kasi ambayo jicho haliioni, ule upande mzito unavuta, na linaweza kupasuka. Vipande havichagui pa kwenda.

Binti yangu alikuwa amesimama karibu na sufuria muda wote huo. Halafu akauliza, kwa Kiingereza chake cha taratibu, kile anachowasemeshea wagonjwa: "Ungeliwasha, ingekuwaje?"

Shemeji akanikonyeza. Alikuwa ameshaambiwa na dada yake habari ya kuuzwa kwa grinda. Na binti yangu hajui mawe, ningeweza kumwambia lingetetemeka kidogo, ningezima, yamekwisha. Nilimtazama, nikaona sitaki kubaki na mashine kwa sababu ya uongo.

"Lingeweza kupasuka," nikasema. "Kifuniko kingezuia mengi, si yote. Mimi ningekuwa pembeni. Mjomba wako hapo aliposimama, sijui."

Shemeji akasogea kutoka pale aliposimama.

"Si tulisema jambo moja," alisema binti.

"Tulisema likitokea. Halikutokea, nimelikamata."

"Umejuaje?"

"Limeniambia."

Hakucheka. Nikachukua jiwe zima, la akiba la upande laini, nikalining'iniza nikaligonga mbele yake, likalia. Nikagonga lile lililolowa. Akasogea, akaomba mpini. Akagonga mwenyewe, kwa ncha, kidogo kidogo, kichwa amekiinamisha. Alirudia huku na kule, mpaka nikaona uso wake umebadilika.

"Kifua chenye maji ndivyo kinavyosema," alisema, na hili alilisema kwa Kiswahili. Akanionyesha anavyofanya daktari wodini kwao: kidole kimoja kinalazwa mgongoni kwa mgonjwa, kingine kinakigonga. Pafu lenye hewa linaitikia. Lililojaa maji linanyamaza.

Shemeji akasema, "Basi lipelekeni hospitali."

Nilidhani nimeshinda. Binti akaweka mpini chini akanitazama usoni.

"Kwa hiyo usalama wako wote uko masikioni."

"Na machoni."

"Televisheni yenu inasikika mpaka kituo cha basi, Baba. Geuka ukutani."

"Nigeuke vipi?"

"Geuka. Nitagonga, wewe utaniambia ni lipi."

Mimi huyu, niliyewafunza watu kazi Southall, nikageuka ukutani kama mtoto aliyechelewa darasani. Akagonga. Zima, nikasema. Akagonga. Bovu. Zima. Zima tena. Shemeji akawa ananihesabia kama mabao ya mpira, na mimi nikaanza kujibu kwa maringo, kabla sauti haijafa. Bovu. Zima.

Kisha akachelewa. Nikasubiri nikiwa natazama misumari ya ukuta. Banda lilikuwa kimya.

"Gonga basi," nikasema.

Nikageuka. Binti alikuwa ameshika lile jiwe zima, mpini mkononi. Shemeji alikuwa anatazama chini, na yeye si mtu wa kutazama chini.

"Nimeshagonga," alisema binti. "Nimegonga polepole tu. Nikarudia."

Nilimwuliza shemeji, "Wewe umesikia?"

"Nimesikia, shemeji," alisema. "Lilikuwa linalia vizuri."

Sikutaka mtu anifanyie hukumu kwenye banda langu. Waya ulikuwa umeshachomolewa, nikauzungusha kwenye mota, nikaufunga kwa kamba, nikamwambia binti yangu: haiuzwi, lakini haiwashwi mpaka masikio yaangaliwe. Akasema sawa. Lile jiwe lililolowa nikalivunja kwa nyundo pale pale, asije mtu mwingine akalikuta limekauka akaliona zuri. Shemeji alinoa visu vyake jikoni, kwenye kisigino cha sahani ya udongo, ule ukingo wa chini usiopakwa rangi, kwa matone ya maji, na Jumapili nyama ilikatika kama mnofu wa papai. Hakunitania hata kidogo, na hapo ndipo nilipojua kwamba jambo lenyewe ni zito.

Nilipoitwa kliniki ya masikio nilikwenda peke yangu, sikutaka mwenza. Walinitia kwenye kijichumba kama kabati, wakanivisha vitu vya masikioni, wakanipa kitufe, nikisikia mlio nibonyeze. Kijana aliyenipima alinionyesha mchoro. Sauti nene nazisikia. Zile nyembamba za juu zimekwenda, na akaniuliza kazi yangu ilikuwa nini. Nikamwambia. Akauliza tulikuwa tunavaa nini masikioni. Pamba, nikasema, tulipokumbuka. Akatikisa kichwa, si kwa ubaya.

Sasa nina vidude viwili vya kunisaidia kusikia, nyuma ya masikio. Mke wangu amepunguza televisheni mwenyewe, na mimi nimegundua jinsi bomba la jikoni linavyodondosha maji, hakuna aliyewahi kuniambia. Nilinunua jiwe jipya. Sikuligonga. Nilimsubiri binti yangu aje, maana makubaliano ni makubaliano.

Alikuja Jumamosi. Safari hii hakuniambia nigeuke, niligeuka mwenyewe. Akaligonga polepole, kwa ncha ya mpini, karibu na kulipapasa, na nililisikia likilia, jembamba, refu, likienda mbali kuliko nilivyokumbuka. Nililisikiliza mpaka likaisha.

"Ni lipi?" aliuliza.

"Zima," nikasema. "Lifunge."

Nikamwonyesha nati inakazwa kiasi gani, isipite, na zile karatasi za pembeni ya jiwe zisibanduliwe. Nikavitoa vidude vyangu nikaviweka kwenye kikebe, nikavaa vizibo vya masikio. Akaurudisha waya ukutani. Kisu cha kwanza kilikuwa cha mama yake. Nilinyoosha mkono kwenye swichi, nikamtazama kama amesimama pembeni. Alikuwa pembeni, na alikuwa ameshavaa miwani.