Mpaka Umefungwa

Nilikuwa natwanga majani ya muhogo ya sombe, jirani alipoingia mbio. "Mama, mpaka umefungwa!" Kwa vita hivi, habari hiyo haimshangazi mtu wa Goma. Nikauliza nani ameufunga safari hii.

"Mutoto yako, kule garderi."

Binti yangu hatembei. Asubuhi mkurugenzi wa garderi, hiyo shule ya chekechea, alikuwa ameniambia atabaki ndani wenzake wakicheza nje, asije akaanguka. Nilimkuta ameketi katikati ya lango la uwanja, fimbo mapajani. Watoto walikuwa wanacheza forodha ya Bunagana, mpakani na Uganda, nao ndio waliombeba. "Duanye hatembeake," walinieleza kuhusu afisa wao wa forodha, "anaikalaka tu." Kwenye ofisi za mpakani nimeona wengi wenye miguu yao wakiifanya kazi hiyo hivyo hivyo, na hakuna anayehofia wataanguka.

Mkurugenzi alikuwa amezuiliwa langoni, binti yangu akimhoji.

"Mama, unabeba nini?"

"Sina kitu."

"Wote wanasemaka hivyo. Fungua mufuko."

Biskuti zikakamatwa, zikagawiwa uwanja mzima. "Kesho abaki hapo hapo nje," mkurugenzi aliniambia, akitafuna ya kwake.

Jioni binti aliketi mlangoni petu, baba yake akafika. "Papa, unabeba nini?"

"Njaa."

"Pita."

Kaka zake wakapita, nikapakua bugali na sombe. Akatuhesabu wote.

"Sasa mufunge mpaka."