Ratiba ya Mombasa na Chupa ya Nyanya

Safari ya Mombasa ya chama cha historia niliipanga mimi, nyuma ya daftari la kemia, kwa sababu daftari hilo halikuwa na kazi nyingine. Nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni kwenye barabara ya Endebess, nje kidogo ya Kitale, ambako asubuhi unaona pumzi yako ikitoka kama moshi. Tungeondoka Ijumaa, Jumamosi tuone Fort Jesus na Mji wa Kale, Jumapili tugeuze. Mwalimu wa historia alikuwa amefika Mombasa mara moja, kwa harusi, na alichokumbuka ni pilau. Sisi wengine bahari tuliijua kwa picha ya kalenda.

Kwa hivyo tulipanga kama vipofu. Kuna aliyeuliza kama ile milango ya nakshi ya Mji wa Kale hufunguliwa Jumamosi ama itabidi tubishe. Mwingine akauliza kama kule watu hula ugali. Hakuna aliyejua, na mwalimu alikuwa na ushahidi wa pilau peke yake. Tukapitisha kwa mikono yote kwamba tubebe gunia la unga, sufuria kubwa ya jikoni na mwiko. Mtoto wa kwetu Trans-Nzoia amezungukwa na mahindi tangu azaliwe, haamini kabisa kwamba unga unaweza kuwa mahali ambapo mahindi hayaonekani. Mwalimu akaongeza sweta, mbili kwa kila mwanafunzi, ati safari ni safari.

Yote niliyaandika bila kucheka. Halafu nikatia langu: Jumamosi, saa nne na robo, kila mwanafunzi atavua viatu kabla ya kugusa ukuta wa ngome, kwa heshima ya wenyeji. Nilitunga tu. Mwalimu alilisoma polepole, akasema ni vizuri tuwe watu wanaojua desturi za wenzao, akatia sahihi.

Mtu wa pekee niliyemwambia ukweli wa viatu ni nyanya yangu, mama wa baba. Aliishi Kabuchai, upande wa Bungoma, na aliniita mume wake, kama nyanya wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kiume. Katikati ya muhula nilikwenda kwake nikamkuta mkekani, miguu imevimba kama kawaida yake. Alicheka hivyo viatu mpaka akashika mbavu. Kisha akajikokota ndani, akarudi na chupa ya mafuta ya kupikia ya lita moja, ameisugua na majivu mpaka inang'aa. Kuna mama wa kanisani aliyemwambia maji ya bahari yanatoa uvimbe.

"Mume wangu," akasema, "uchote pale maji yanatembea. Si pale pembeni watu wanaosha miguu."

"Na nikikuletea ya mfereji wa Kitale utajua?"

"Nitaonja."

Sasa lazima niseme jambo. Huyu nyanya nilikuwa nimeshamuua. Shuleni kwetu ukitaka ruhusa ya kwenda nyumbani, homa haitoshi, wanataka maiti, na maiti iliyo karibu na kila mtu ni nyanya. Kidato cha pili nilimuua nikaenda kuona maonyesho ya kilimo mjini Kitale. Muhula uliofuata kulikuwa na mpira Bungoma, kwa hivyo nikamuua nyanya wa upande wa mama. Huyo alikuwa amekufa kabla sijazaliwa, sidhani aliudhika. Mara zote mbili nililia mbele ya mwalimu, machozi ya ukweli, yanadondoka kwa meza.

Wa Kabuchai nilimwambia mwenyewe kwamba nimemzika. Hakukasirika. Alitaka kujua kama tulichinja.

"Ng'ombe wawili," nikasema.

"Wawili, na mimi hapa nakula sukuma wiki. Na wewe ulilia?"

"Nililia mpaka mpishi wa shule akaniongezea nyama."

"Siku yenyewe ikifika," akasema, "uwe umebakisha machozi kidogo."

Jumatano ya wiki ya safari, wakati wa chai, kijana mmoja wa darasa letu anayelala kwao mjini alinikuta karibu na mifereji. Simu ya shule ilikuwa imekatwa muhula mzima, kwa hivyo shangazi yangu wa Kitale alikuwa amemtuma yeye kwa mdomo. Akaniambia nyanya alikufa Jumatatu, mazishi ni Jumamosi saa nne. Alikuwa akitafuna mandazi. Nilimuuliza kama amebakisha mengine. Akanipa moja, nikalila lote, na nakumbuka lilikuwa limeungua upande mmoja. Hicho ndicho ninachokumbuka.

Nilikwenda kwa mwalimu wa historia, ambaye pia ndiye aliyekuwa wa zamu. Nikamwambia nimefiwa na nyanya. Walimu wengine waliokuwa wakisahihisha wakainua vichwa.

"Kijana, binadamu hupewa nyanya wawili," akasema. "Wako wameisha."

Chumba kizima kikacheka. Kwa haki, hata mimi ningecheka, ilikuwa nzuri. Nikajaribu kulia. Nilijua vile inavyofanywa, unabana koo, unaangalia dirisha bila kupepesa. Hakuna kitu kilikuja. Nikasimama hapo nikitazama dirisha kama ng'ombe.

"Leo hata kulia umeshindwa," akasema. Akaniambia nilete barua ya chifu. Nikamwambia chifu yuko Kabuchai na mimi niko hapa. Akasema basi tusubiri ifike, na nikitoka bila ruhusa nisirudi bila mzazi.

Nitasema ukweli: nilitoka hapo nikiwa mwepesi. Nimeomba, nimekatazwa. Ningeweza kwenda Mombasa na hakuna mtu angenilaumu, hata baba. Tena nilikuwa nimetumwa huko na marehemu mwenyewe, na chupa ilikuwa kwenye sanduku langu. Alhamisi nzima niliendelea na mipango. Nilihesabu sweta. Nilipima gunia la unga kwa macho nikaamua likae nyuma ya dereva. Niliandika ratiba upya kwa kalamu nzuri, na nilipofika Jumamosi saa nne, kuwasili Fort Jesus, mkono haukusita. Nikaenda hadi saa nne na robo, viatu.

Ijumaa mchana basi lilisimama mbele ya ofisi. Kwa kuwa orodha ilikuwa yangu, mwalimu aliniambia nisimame mlangoni niite majina. Nikaita, mmoja mmoja anapanda na sweta zake, wengine wamezivaa zote mbili. Begi langu lilikuwa begani. Chupa ilikuwa inanigonga mgongoni kila nikigeuza ukurasa, tupu, inatoa sauti ya chupa tupu. Nikawaza: nikishaijaza, nani ataonja?

Nikafika kwa jina langu. Nikaliita kwa sauti ileile. Hakuna aliyeitika. Nikaliita tena, kisha nikasema, "Hayupo," nikaweka alama. Basi zima likacheka, wakapiga madirisha. Nikaita waliobaki mpaka mwisho, nikamkabidhi mwalimu orodha, na chupa nikampa kijana tunayekaa naye dawati moja. Nikamwambia achote pale maji yanatembea, si pembeni. Akaniuliza, "Si uchote mwenyewe, bana?"

Nikashuka. Mwalimu akanitazama, akatazama ile alama kwenye orodha. Alijua vile nilivyoitaka hiyo safari, maana nilikuwa nimemsumbua nayo muhula mzima. Hakusema pole. Alichukua nakala yake ya ratiba, akaigeuza, akaniandikia ruhusa upande wa nyuma akiwa ameilaza kwa mlango wa basi. "Barua ya chifu bado nataka," akasema.

Kwa hivyo Kabuchai nilifika na ratiba ya Mombasa mfukoni. Jumamosi saa nne walipokuwa wakimteremsha nilijua wenzangu wako mlangoni pa Fort Jesus. Shangazi alikuwa akiita jina lake. Mama mmoja alinishika kichwa akaniambia lia, mtoto, lia. Saa ya baba ilionyesha saa nne na robo, na nikaona wazi wanafunzi arobaini wakiinama kufungua kamba. Nilitaka kumwambia mtu. Mtu mwenyewe alikuwa kwenye sanduku.

Nilifikiri Jumapili nitarudi, lakini kwetu watu wa boma la msiba hawaondoki kabla ya kunyolewa, siku ya tatu. Jumatatu asubuhi tukapangwa nyuma ya nyumba yake, wanawe kwanza, halafu wajukuu. Wembe ulikuwa baridi. Nywele zangu zikaanguka juu ya za binamu zangu, na huwezi kujua zipi ni za nani.

Niliporudi shule sikuwa na barua ya chifu, nilikuwa nimeisahau. Mwalimu alitazama kile kichwa. Kipara cha mashine na cha wembe wa msiba hakuna mtu wa Bungoma wala Kitale anayevichanganya. Hakuniuliza barua. Aliniambia tu kwamba mlinzi wa ngome alishangaa sana kuwaona wakivua viatu, ila akasema watoto wa huku wana adabu.

Ugali kumbe ulikuwa kila mahali. Gunia lilirudi halijafunguliwa, tukalila jikoni wiki iliyofuata. Sweta zilirudi zimekunjwa.

Mwenzangu wa dawati aliniletea chupa imejaa. Aliapa alitembea mpaka maji yakamfika magotini, akaloa suruali yake ya pekee. Nilifungua nikaonja. Chumvi kali, na mchanga kidogo kwa ulimi. Nikaifunga.

Sasa niko kidato cha nne na bado iko kwenye sanduku. Juzi mwalimu wa zamu alipekua bweni, akaipata, akainusa akidhani ni pombe ya chang'aa. Akauliza ni ya nani.

"Ya nyanya," nikasema.

Akaniangalia aone kama nitacheka. Halafu akairudisha mahali alipoitoa, akaenda kwa sanduku la jirani.