Ufunguo wa Anayeingia Shimoni

Fundi wa lifti haonekani. Lifti ikitembea vizuri, hakuna anayemkumbuka. Ikikwama, hata anayekaa ghorofa ya kwanza anamtukana. Huyu ninayetaka kuwasimulia habari zake alitukanwa hivyo maisha yake yote ya kazi, naye akicheka tu. Walimwita Kichwa Chuma.

Jina hilo lilitokana na ajali. Alikuwa kijana bado, mkewe ana mimba ya mtoto wao wa pekee, alipoingia kwenye shimo la lifti kurekebisha waya. Mwenzake aliyekuwa juu akadhani kazi imekwisha, akawasha umeme. Lifti ikashtuka, fundi akaanguka, kichwa kikapiga zege. Alilala hajitambui tangu mchana hadi kesho yake. Alipozinduka aliuliza nani amechukua bisibisi yake. Watu wakacheka, wakampa jina, na habari ikaishia hapo. Au ndivyo walivyodhani.

Aliporudi kazini alikuja na kufuli. Tangu siku ile, swichi kuu ikizimwa lazima ipigwe kufuli, na ufunguo, ambao ni mmoja tu, anaondoka nao anayeingia shimoni. Aliyebaki juu anauliza, "Ufunguo uko na nani?" Wa chini anajibu, "Uko kwangu." Pasipo jibu hilo hapaguswi kitu. Binti yake alipokuja kujifunza kazi, alifundishwa swali hilo kabla ya kufundishwa kushika koleo.

Miaka ikaenda. Binti akawa fundi, baba akawa msaidizi wake, na hapo mambo yakaanza kwenda mrama. Mzee alirudia swali moja mpaka wageni wakatazamana. Koleo likaokotwa kwenye jokofu. Jioni moja alipotea akirudi kutoka duka la pale kona, njia aliyoipita tangu ujana. Mkewe alipomtania, "Uzee umebisha hodi, mume wangu," alipandwa na hasira, mtu ambaye hasira alikuwa akizisikia kwa jirani tu.

Walimpeleka hospitali. Baada ya vipimo na maswali mengi, daktari akasema ni Alzeima, ugonjwa unaokula kumbukumbu kidogo kidogo. Mara nyingi huanza na za jana, za zamani zikabaki hadi mwisho.

"Ni lile anguko?" mke akauliza.

"Siwezi kuapa, mama," daktari akasema. "Kichwa kikipigwa kwa kishindo vile, mtu akazimia, hatari ya kuupata ugonjwa huu uzeeni huongezeka. Lakini wako walioanguka wasiupate, na wako walioupata bila kuanguka hata kitandani."

Mama alitoka pale kama mtu aliyepewa jibu kisha akanyang'anywa.

Mzigo wa kuamua ukamwangukia binti. Aendelee kwenda kazini na baba, au amwache nyumbani?

"Ukimfungia ndani utakuwa umemzika akiwa hai," mama alimsihi. "Kazi ndiyo inayomshikilia."

"Na mimi kule shimoni, mama, ananishikilia nani?"

"Kufuli," mama akasema.

Wakaendelea kwenda wote wawili.

Asubuhi moja waliitwa kwenye jengo refu lenye lifti kuukuu. Kwa kawaida, juu ya paa la lifti kuna swichi ya dharura ambayo fundi akiibonyeza, lifti haiendi popote. Ndiyo iliyokuwa imekufa, na ndiyo binti aliyokuja kuibadilisha. Baba alibaki katika chumba cha mashine, juu kabisa. Akafunga kufuli, akampa binti ufunguo, akauliza swali lake, akajibiwa. Binti akateremka, akasimama juu ya paa la lifti, akaifungua ile swichi.

Alikuwa bado na skrubu mdomoni aliposikia sauti ya mwanamke huko juu, mpangaji wa ghorofa ya mwisho, ikipenya kwenye matundu ya kamba za lifti.

"Fundi, lifti inarudi lini? Magoti yangu yameapa hayashuki tena ngazi."

"Sasa hivi, dada yangu. Kumbe swichi imezimwa tu." Kufuli likagongagonga. "Na kuna kufuli. Nani kaweka kufuli hapa?"

"Si nyie mafundi?"

"Mimi sijaweka. Ngoja, msumeno ninao."

Binti alitema skrubu. Chuma kilianza kukwaruza chuma. Simu yake ilikuwa ndani ya mkoba, huko huko kwa baba. Mlango wa karibu ulikuwa juu ya kimo chake, na kuukwea kulitaka muda ambao msumeno haukuwa nao.

"Baba," aliita. Kisha kwa sauti yote aliyokuwa nayo, "Baba, usiwashe. Niko huku ndani."

Msumeno ukanyamaza. "Wewe nani?"

"Binti yako."

"Binti yangu yuko shule saa hizi. Usinifanyie mzaha."

"Watoto wa siku hizi hao, fundi," mwanamke akasema. "Washa tu, watatoka wenyewe."

Msumeno ukaanza tena, safari hii kwa haraka.

Binti alitambua kosa lake. Akikazana kuitwa binti, atakufa akiwa binti aliyeko shule. Akapiga moyo konde, akaishusha sauti, akasema kama fundi anavyomsemesha fundi mwenzake:

"Fundi. Mbona hujaniuliza?"

Msumeno ulikwaruza mara moja, ukasita.

"Nikuulize nini?"

Binti alishika kamba ya chuma kwa mikono yote miwili, akangoja.

"Ufunguo," sauti ya juu ikasema polepole. "Ufunguo uko na nani?"

"Uko kwangu."

Msumeno ulianguka sakafuni kwa kishindo. "Basi hawashi mtu. Dada yangu, hata magoti yako yakinishtaki, leo utashuka kwa ngazi."

Binti alipofika juu, alimkuta baba ameipa swichi mgongo na kutandaza mikono. Macho yake yalimtambua.

"Mwanangu, umekawia. Hebu tazama, kuna mjinga amekata kufuli letu, limebaki uzi. Mtu angekufa hapa."

Binti angeweza kusema hajui. Lakini unga wa chuma ulikuwa umejaa kwenye mikono ya shati la mzee.

"Ni wewe, baba."

Aliitazama mikono ya shati. Akaketi juu ya sanduku la vifaa.

"Nilikusahau humo?"

"Ulinisahau."

"Basi mtu wa namna hiyo hafai kukaa juu." Akamsogezea mkoba. "Mwambie mama yako nimefukuzwa kazi. Na bosi mwenyewe nimemzaa mimi."

Siku hizi binti anakwenda kazini na fundi mwingine. Kila asubuhi mzee humsindikiza hadi mlangoni. Kuna siku anamwita mwanangu, kuna siku anamwita fundi, lakini humuuliza ufunguo uko na nani, akijibiwa ndipo anamfungulia mlango. Siku asipouliza, binti huinama pale kizingitini, akajifanya anafunga kamba za viatu, akamngoja.