Kikopo cha Baba

Namshukuru Mungu aliyeniachia pumzi hadi kustaafu, maana nimewapima wengi ambao pumzi zao zilikatika mapema.

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maabara ndogo karibu na Keroka, msimamizi alinikabidhi kikopo cha makohozi. "Kijana, uliyosoma chuoni weka kando," alisema. "Hapa jina kwanza, kikopo baadaye. Kikopo bila jina ni mate tu." Tulipaka makohozi kwenye kioo, tukayatia rangi, kisha tukatafuta kwa darubini vijiti vyekundu, yaani vijidudu vya kifua kikuu.

Shida ni kwamba mgonjwa akianza kupata nafuu, makohozi hupungua. Ndiyo maana nilipohamishiwa Nyamira, watafiti walikuja kujaribu damu. Askari wa mwili wakipigana na vijidudu, huacha ishara kwenye damu. Dawa ikishinda, ishara hushuka. Tuliziita viashiria vya kinga. Mimi ndiye niliyewatoa wagonjwa damu hiyo.

Miongoni mwa wagonjwa walikuwamo mume na mke kutoka Gesima. Mwezi wa pili wa dawa, binti yao Kerubo, mchuma chai, aliniletea vikopo viwili visivyo na majina. Kimoja kilifungwa ukambaa wa mgomba.

"Hiki chenye kamba ni cha baba," alisema kwa Kiswahili.

Nikaandika jina la mume. Chenye kamba kikaonyesha vijidudu, kile kingine kikawa safi. Mume akaongezewa uchunguzi. Mke akapunguziwa dawa, kama ilivyo kawaida kwa anayepona.

Baadaye majibu ya damu yakaja kinyume: ishara za mume zilikuwa zimeshuka, za mke zingali juu. Niliyapeleka kwa msimamizi wa Nyamira.

"Mzee, hizo ni karatasi za utafiti, bado hazitibu mtu," alisema. "Subiri makohozi ya mwezi wa tano."

Kwa kanuni alisema kweli. Lakini hakuna aliyenikataza kuomba kikopo kingine. Nilisubiri.

Mwezi wa tano Kerubo alileta kikopo kimoja.

"Na cha mzee?" nikamuuliza.

"Tata amepona, yuko shambani analima. Hiki ni cha baba. Hawezi kuamka."

Mkono wangu ulisimama juu ya karatasi. "Baba yupi?"

"Aliyenizaa! Kwani wewe si Omogusii?"

Mimi ni Omogusii, Mkisii wa kuzaliwa. Nyumbani kwetu tata ndiye mzazi wa kiume, na mama tunamwita baba. Mimi mwenyewe nilimwita mama yangu hivyo hadi nikamzika. Lakini nikivaa koti jeupe nilisikia Kiswahili cha shule tu.

Kikopo chenye kamba kilikuwa cha mama yake Kerubo, na sasa vijidudu vyake vilikuwa vimeshakuwa sugu kwa dawa. Alibadilishiwa dawa, akaishi wiki chache.

Baada ya mazishi nilikwenda Gesima nikawaeleza yote. Mume aliinama. Kerubo akasema, "Baba alikuombea kila Sabato. Alisema daktari yule ana subira."

Nimesifiwa subira maisha yangu yote. Hiyo ndiyo sifa iliyoniuma kuliko lawama.

Sasa nimestaafu, na kila Sabato ninamtaja mama yule kwa jina lake kamili. Wewe unayesoma, Mungu akupe kifua chepesi, na akuwekee mtu wa kuuliza mara ya pili jina lako ni nani.